Kupima hewa ya mtaa wako Goma: kuanzia waya hadi daftari

Wiki ya kwanza nilipotundika kifaa changu cha kupimia moshi kule Ndosho, kila jioni namba ilipanda kutoka 30 hadi zaidi ya 400, ikakaa juu kama saa mbili, kisha ikashuka. Nikawaandikia marafiki kwamba Nyiragongo inatumaliza taratibu. Siku ya tano nikapanda juu ya jiwe nikachungulia ng'ambo ya ukuta wa mbao. Chini ya kifaa, hatua mbili tu, mama wa jirani alikuwa na mbabula yake, lile jiko la makaa, na juu ya mbabula sufuria ya maharage. Anawasha kwa vipande vya mifuko ya plastiki na vijiti vibichi, na makala (ndivyo tunavyoita makaa huku) yakishika ndipo anainjika. Volkano haikuwa na habari.

Kifaa hakikukosea hata kidogo. Kilihesabu moshi, na moshi ulikuwepo. Aliyekosea ni mimi, maana nilikuwa na namba lakini sikujua ilitoka wapi. Ndiyo maana katika mwongozo huu daftari litapata nafasi kubwa kuliko waya. Waya utaunganisha kwa mchana mmoja. Daftari litakuchukua miezi.

Kifaa kinaona nini

Vifaa vya bei nafuu tunavyoweza kujiundia wananchi vinapima chembe za hewani, hasa zile zinazoitwa PM2.5, yaani zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi, kwa hiyo hizi huzioni moja moja. Zinapita puani, zinafika chini kabisa ya mapafu, na nyingine zinaingia kwenye damu.

Ndani ya kihisi kuna feni ndogo inayovuta hewa, taa ya leza, na jicho linalosoma mwanga. Chembe ikipita mbele ya leza inamemeta, jicho linahesabu. Kutoka kwenye hesabu hiyo kihisi kinakadiria uzito, na kinakupa jibu kwa mikrogramu katika mita moja ya ujazo ya hewa. Neno la kushika hapo ni *kinakadiria*. Hakina mizani.

Kwa kuwa kinategemea mmemeto, ukungu unakidanganya. Matone madogo ya maji nayo yanameta. Asubuhi ziwa Kivu likiwa limefunikwa na ukungu, namba inaweza kupanda na hakuna aliyewasha kitu. Kihisi kinachopendwa sana, SDS011, mtengenezaji wake mwenyewe anasema kitumike pale unyevu wa hewa usipozidi asilimia 70. Goma tunavuka hapo mara nyingi, hasa usiku na alfajiri.

Jambo la pili litakushangaza zaidi: vumbi la barabarani, lile jeusi la mawe ya volkano linaloingia hadi kwenye sahani, kifaa hiki kinaliona vibaya. Chembe zake nyingi ni nene, feni dogo halizivuti zote, na namba ya PM10, yaani ya chembe zisizozidi mikromita 10, unayoonyeshwa huwa chini ya ukweli. Moshi wa makala, wa takataka, wa jenereta na wa pikipiki, huo kinaushika vizuri. Kwa hiyo lori likipita, macho yakakuuma na namba isisogee sana, usikirushe kifaa. Na usimwambie mtu kwamba vumbi halina neno kwa sababu mashine imesema hivyo.

Kisichoonekana: mazuku na gesi ya volkano

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni suala la uhai.

Kihisi cha chembe hakioni gesi yoyote. Mazuku, ile hewa mbaya tunayoijua tangu utoto, ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kulala mabondeni, kwenye mashimo na mipasuko ya mawe, kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa mara moja na nusu hivi. Haina moshi wala rangi. Kuku na mbuzi wanakufa, mtoto aliyeinama anaanguka, na mtu mzima aliyesimama hapo hapo pengine hajasikia kitu. Kifaa chako cha PM2.5 kinaweza kuandika 8, namba nzuri kabisa, kikiwa katikati ya mazuku.

Kuna wanaoniuliza: basi tununue kihisi cha kaboni dayoksaidi? Vipo, na kwa darasa la shule lililojaa wanafunzi vinafaa sana. Lakini hewa ya kawaida ina kama sehemu 420 katika milioni, na vihisi vingi vya bei rahisi vinaishia sehemu 5,000, yaani nusu asilimia. Mazuku inayoua inafika asilimia kumi na kupita. Kihisi kitajaa kabla hatari haijaanza kuhesabika. Tena, ili upime lazima uende pale chini na kifaa mkononi. Usiende. Penye mazuku panajulikana kwa wazee wa mtaa na kwa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano, kile OVG kilichoanzishwa mwaka 1986. Waulize wao.

Gesi ya salfa inayotoka Nyiragongo na Nyamulagira ni kisa kingine. Milima hii miwili ni kati ya inayotoa salfa dayoksaidi nyingi zaidi duniani. Mara nyingi upepo unaipeleka magharibi, upande wa Sake na Masisi, lakini upepo hauna mkataba na mtu. Kihisi chako hakiioni gesi yenyewe. Ila ikikaa hewani inageuka kuwa chembe ndogo sana za salfeti, na hizo kinaziona. Ndiyo maana siku nyingine namba inapanda mji mzima kwa pamoja, mchana, bila mbabula hata moja kuwashwa. Koo likikuwasha na harufu ya kiberiti ikiwepo, iandike daftarini. Pua yako hapo ni kihisi cha pili.

Uliza swali moja kwanza

Kabla ya kununua chochote, andika swali kwa sentensi moja. "Hewa ya Goma ikoje?" halipimiki. "Watoto wa shule yetu wanavuta nini kati ya 6:30 na 7:30 asubuhi wakiwa njiani?" linapimika. "Tukiacha kuchoma takataka Jumamosi baada ya salongo (kazi ya pamoja ya usafi), namba itashuka?" hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake mnaweza kulifanyia kazi wenyewe.

Swali ndilo litakalokuambia uweke kifaa wapi na kwa muda gani. Sikujiuliza, nikapima maharage.

Zungumza na watu kabla ya kutundika

Miongozo mingi ya nje inaweka hatua hii mwisho, au haina kabisa. Kwetu inatangulia kutundika. Sanduku lenye nyaya, taa inayowaka na kuzima, limefungwa juu ya nguzo katika mji uliopitia mambo kama wetu, litaleta maswali, na maswali mengine huja na watu usiopenda kukutana nao usiku.

Anza na nyumba kumi, kisha mkuu wa avenue, kisha mkuu wa kartié. Nenda na kifaa mkononi, kikiwa wazi, waone feni na waya. Waonyeshe kwamba hakina kamera wala maikrofoni. Mama mmoja muuza makala aliniuliza:

"Mutoto yangu, hiyi kitu iko inatusikiliza?"

"Hapana mama. Iko inahesabu moshi tu."

"Moshi ya makala yangu?"

Swali la haki kabisa. Hakuogopa upelelezi, aliogopa kesho waje kumfukuza sokoni kwa sababu ya namba zangu. Nilimwahidi kwamba hakuna namba itakayotoka na jina la mtu wala la duka, na ahadi hiyo nimeishika. Nawe weka ahadi kama hiyo mapema, mbele ya watu.

Usitundike karibu na kambi, ofisi za usalama, mnara wa simu au mpaka. Ziba taa za bodi kwa utepe mweusi. Nje ya sanduku andika kwa herufi kubwa: KINAPIMA MOSHI, pamoja na jina la shule, parokia au kikundi kinachokimiliki. Na kama utaweka kwenye ramani ya wazi ya intaneti, sogeza alama hadi kwenye njia panda ya karibu. Kuonyesha mlango wa nyumba yako hakuongezi chochote kwenye sayansi.

Vipuri

Njia niliyoifuata ni ya Sensor.Community, mradi wa wananchi ulioanza Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2015 na sasa una vifaa katika nchi nyingi. Programu yake ni ya bure na vipuri vinajulikana. Unahitaji kihisi cha chembe SDS011, bodi ya NodeMCU ESP8266 ambayo ndiyo ubongo na Wi-Fi, kihisi cha BME280 cha joto, unyevu na kanieneo ya hewa, nyaya fupi za kuchomeka, kebo ya USB na chaja ya simu ya volti 5. Ukiagiza mtandaoni, vipuri vyote ni dola makumi kadhaa. Kinachouma ni usafiri. Sisi tuliagiza vya watu wanne kwa pamoja vikaja katika mzigo mmoja.

Usinunue kihisi cha MQ-135 kwa kudhani kitakuonyesha "uchafu wa hewa" wote. Ni rahisi, kinapatikana, na namba yake inabadilika kwa joto, kwa unyevu, kwa marashi ya mpita njia. Kwa kazi ya kuwaeleza majirani kitu, hakifai.

Kama kikundi chenu kina msaada kidogo, kuna njia nyingine: vifaa vilivyo tayari. AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, wamekuwa wakiunda vifaa tangu 2015 kwa ajili ya miji yetu ya Afrika, vinatuma taarifa kwa laini ya simu, na wanajua vumbi na kukatika kwa umeme ni nini. Ukiwa na njia ya kuwafikia, jaribu kabla ya kuanza kuhangaika na nyaya.

Kuunganisha

Bodi ikiwa haina umeme, unganisha hivi. Kwenye SDS011, pini iliyoandikwa 5V iende VU ya bodi (bodi nyingine zimeandikwa VIN), GND iende GND, TXD iende D1, RXD iende D2. Kwenye BME280, umeme wake uchukue kwenye 3.3V, sio kwenye ile ya volti 5, GND iende GND, SDA iende D3, SCL iende D4. Basi. Hakuna kuchomelea risasi kama pini zimekuja zimeshawekwa.

Soma maandishi ya kwenye bodi, usihesabu pini kwa kidole, maana bodi zinatofautiana. Ukigeuza TXD na RXD hakuna kinachoungua, kifaa kitakaa kimya tu. Ukigeuza 5V na GND, utanunua kingine.

Programu na mtandao

Chomeka bodi kwenye kompyuta kwa USB. Pakua programu ya kuwekea airRohr, ile programu ya kifaa, kutoka kwa mradi wa Sensor.Community, chagua mlango wa USB na lugha (Kifaransa kipo), bonyeza kupakia, subiri. Kompyuta isipoiona bodi, tatizo huwa moja kati ya mawili: inakosa kiendeshi cha CH340 au CP2102, yaani programu ndogo ya kuongea na bodi, au kebo uliyotumia ni ya kuchaji tu, haina nyaya za taarifa. Nimepoteza nusu siku kwa kebo ya namna hiyo.

Ikimaliza, chomoa, chomeka kwenye chaja. Simu yako itaona mtandao mpya unaoanza na airRohr na namba za bodi. Andika namba hizo, utazihitaji. Jiunge nao, fungua kivinjari, andika 192.168.4.1, na hapo jaza jina la Wi-Fi yako na neno la siri. Bodi hii inaelewa Wi-Fi ya 2.4 GHz peke yake. Kama unatumia simu kugawa mega (hotspot), ingia kwenye mipangilio uilazimishe iwe 2.4. Baada ya hapo jisajili kwenye ukurasa wa vifaa wa Sensor.Community kwa kutumia zile namba.

Kifaa kinatuma kila sekunde 145, ni kama mara 600 kwa siku. Mtandao ukikatika hakiweki akiba, kipande hicho cha siku kimepotea. Usijaribu kukijaza kwa kubahatisha. Acha pengo, na daftarini andika "hakuna mtandao".

Jambo linalowatisha wengi siku ya kwanza: kanieneo ya hewa itasoma karibu hektopaskali 850, na ukitafuta mtandaoni utaambiwa ya kawaida ni 1013. Hiyo 1013 ni ya usawa wa bahari. Goma tuko mita 1,500 juu. Kihisi chako ni kizima.

Sanduku

Mfano wa asili ni kona mbili za bomba la PVC la maji machafu, zikiunganishwa zinakuwa kama herufi U iliyopinduliwa, midomo yote miwili ikiangalia chini. Mvua haiingii, hewa inaingia. Kona zisipopatikana, bidoni ya mafuta ya kula ya lita 5, iliyooshwa kwa sabuni mpaka harufu iishe na kukatwa chini, inafanya kazi ile ile. Paka rangi nyeupe, la sivyo jua la mchana litakusomea nyuzi 40. Kihisi cha joto kikae chini karibu na mdomo, mbali na bodi, kwa sababu bodi yenyewe inapata joto.

Kwenye midomo funga kipande cha chandarua. Buibui wanapenda sana bomba lenye giza na upepo mwanana, na uzi mmoja wa buibui mbele ya leza unatosha kukupa namba za kuzimu.

Mahali

Urefu wa mita mbili hadi tatu ni mzuri, ni karibu na pua za watu lakini mikono ya watoto haifiki. Hewa ipite huru. Usikibane chini ya mchirizi wa bati, usikiweke juu ya dirisha la jiko, wala mita chache kutoka kwa mchoma nyama, isipokuwa swali lako ni hilo. Zunguka nyumba saa 18:00, wakati mbabula zote zimewaka, utajua ni wapi moshi unakaa na ni wapi unapita. Nyumba zetu za mbao hazizuii moshi: wa jikoni unaingia chumbani, wa kwa jirani unaingia kwako.

Ukiwa na vifaa viwili, weka kimoja upande wa barabara na kingine nyuma uani. Tofauti kati ya hivyo viwili itakufundisha kuliko kifaa kimoja cha bei mara kumi.

Umeme

Kifaa kizima kinakula kama wati moja, yaani wati-saa 24 kwa siku. Pawabenki ya mAh 20,000, ikiwa ni ya kweli na si ya maandishi, inakupa siku mbili hivi. Lakini pawabenki nyingi zinajizima zikiona mzigo ni mdogo, na nyingi haziwezi kuchajiwa na kutoa umeme kwa wakati mmoja. Ijaribu mezani usiku mzima kabla ya kuitundika. Kwa sola, betri ndogo yenye kidhibiti cha chaji na tundu la USB inatosha. Msimu wa mvua mawingu yanakaa siku kadhaa, kwa hiyo panga paneli kwa siku mbaya.

Angalia umeme unakatika saa ngapi mtaani kwako. Ukikatika kila jioni, na jioni ndiyo moshi, wastani wako utaonekana mzuri kwa sababu saa mbaya hazikupimwa. Na jirani wakiwasha jenereta hapo hapo, umepoteza ushahidi wa aina mbili.

Wiki ya kulinganisha

Usitundike moja kwa moja. Vifaa vyote vya kikundi vikae mahali pamoja, bega kwa bega, kwa siku saba. Chukua wastani wa kila saa na uvilinganishe. Kimoja kikisoma 40 kila mara ambapo mwenzake anasoma 50, vyote viwili vikipanda na kushuka pamoja, hakuna shida kubwa: kizidishe kile cha chini kwa 1.25 na uandike kwamba umefanya hivyo. Tatizo ni kifaa kinachopanda wenzake wakishuka. Hicho kifungue, safisha, jaribu tena, na kikiendelea usikitumie.

Fanya hivyo pia kila baada ya miezi sita. Vihisi vinazeeka kwa kasi tofauti.

Daftari

Hapa ndipo kazi ilipo. Tafuta daftari la karatasi, lenye jalada gumu, lining'inie karibu na mlango. Mtu mmoja kwa kila kifaa, mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana, jioni. Anaandika upepo unatoka wapi (angalia moshi wa mbabula unainamia upande gani), mvua au ukungu, harufu, kama kuna anayechoma takataka, kama jenereta zinawaka, na usiku kama mlima una mwanga mwekundu.

Saa ziandikwe kama simu inavyozionyesha: 06:30, 18:00. Hapa mjini mmoja akisema saa kumi na mbili anamaanisha jioni, mwingine aliyesoma shule ya Kifaransa anamaanisha adhuhuri, na wote ni majirani. Halafu kuna mtego mwingine: taarifa unazopakua kutoka kwenye hifadhi ya Sensor.Community ziko katika saa za dunia, UTC, nyuma ya saa zetu kwa saa mbili. Moshi wa 18:00 utaukuta umeandikwa 16:00. Kikundi kimoja ninachokijua kilitumia wiki mbili kutafuta nani anawasha moto alasiri.

Hivi ndivyo kurasa zangu zinavyosomeka:

*Jumatano 06:30. Ukungu mpaka barabarani. Unyevu 91. Namba 74. Hakuna moshi ninaouona. Usiamini.*

*Jumatano 18:10. Upepo kutoka ziwani. Mbabula tano zimewaka. Namba 210.*

*Jumamosi 11:00. Salongo imeisha. Lundo la takataka linaungua nyuma ya kisima, plastiki na majani. Namba 380. Macho.*

*Jumapili 13:00. Harufu ya kiberiti tangu asubuhi. Namba 62 kwangu, 58 kwa mwenzangu wa mtaa wa Majengo. Hakuna anayepika.*

Tazama ile ya Jumapili. Vifaa viwili vilivyo mbali vinapanda kwa pamoja mchana, na pua inasema kiberiti. Hapo unaweza kuutaja mlima. Ile ya Jumatano jioni ni ya mtaa, na ile ya Jumatano asubuhi pengine ni maji matupu. Bila daftari, zote nne ni namba tu, na yeyote anaweza kuzitumia kusema anachotaka.

Kusoma namba

Shirika la Afya Duniani, OMS tunavyoliita huku, lilitoa viwango vipya mwaka 2021: PM2.5 isizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mwaka, na 15 kwa saa 24. Kabla ya hapo ilikuwa 10 na 25. Likaweka pia ngazi za katikati kwa miji iliyo mbali na lengo, na kwa saa 24 ngazi hizo ni 75, 50, 37.5 na 25. Napendekeza muanze na hizo ngazi. Kumwambia mtu kila siku kwamba amevuka kiwango kunamchosha, lakini kushuka kutoka juu ya 75 hadi chini ya 50 ni jambo la kushangilia.

Kiwango cha saa 24 ni wastani wa siku nzima, kwa hiyo usipige picha ya 400 ya jioni ukaandika "mara 26 ya kiwango". Hesabu hivi. Tuseme saa 22 hewa ilikuwa 20, na saa mbili za jioni ilikuwa 300. 22 mara 20 ni 440, 2 mara 300 ni 600, jumla 1,040, gawanya kwa 24, unapata 43. Saa mbili tu zimeitoa siku kutoka 20 hadi 43. Hesabu hii niliifanya kwa chaki ubaoni mbele ya akina mama wa mtaa, na ilieleweka haraka kuliko grafu yoyote ya rangi.

Saa zenye unyevu juu ya 70 zitenge. Sizifuti, naziwekea alama na nafanya hesabu mara mbili, nikiwa nazo na bila. Majibu yakikaribiana, vizuri. Yakitofautiana sana, nasema hivyo hivyo hadharani.

Wala usitoe taarifa ya siku moja. Miezi miwili ni mwanzo, na iwepo ya kiangazi na ya mvua.

Mkishapata namba

Turudi kwa mama wa maharage. Sikumpelekea grafu. Nilibeba kifaa hadi uani kwake na tukakaa tukiangalia simu huku anawasha. Kwa plastiki namba iliruka kupita 500. Kesho yake akawasha kwa vijiti vikavu na maganda ya mahindi, mbabula akiwa ameitoa nje ya kibanda mpaka makala yaive mekundu, ndipo akaiingiza. Ilipanda bado, lakini haikufika nusu ya ile. Mtoto wake wa miaka saba akaanza kuitwa "daktari wa moshi", kwa sababu ndiye aliyesoma namba kwa sauti.

Onyo moja wakati wa kufanya jaribio hili: mbabula ikiwa nyekundu haina moshi, na kifaa kitaonyesha namba ya chini, lakini makala yanatoa kaboni monoksaidi ambayo kifaa hakiioni. Watu wamelala na mbabula chumbani wakati wa baridi na hawakuamka. Lisemeni hilo kila mara mnapoonyesha namba nzuri.

Kwa wakuu wa mtaa, pelekeni jambo moja lenye siku na saa: lundo la takataka la Jumamosi, kwa mfano, wiki nne za kuchoma na wiki nne za kutochoma. Kwa shule, muda wa watoto kukimbia uwanjani. Kwa volkano, namba zenu hazitangazi hatari wala hazifuti tangazo. OVG ndiyo inayosema, na siku ya kukimbia, kama ile ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, hakuna atakayesubiri wastani wa saa 24.

Kutunza

Kila mwezi toa sanduku, futa chandarua, tazama buibui, puliza kihisi taratibu kwa pampu ya mpira, kamwe si kwa mdomo kwa sababu utaingiza mate. Baada ya vumbi kubwa la kiangazi fanya mara mbili kwa mwezi. Feni likianza kulia kama mbu, muda wake unakaribia.

Leza ya SDS011 imepangiwa saa 8,000, ambazo zikiwaka mfululizo ni siku 333. Programu ya airRohr inaiwasha kwa muda mfupi tu katika kila mzunguko wa sekunde 145, kwa hiyo utaenda miaka kadhaa. Ukibadilisha kihisi, kipya na cha zamani vikae pamoja wiki nzima kabla ya kutoa cha zamani, na tarehe iandikwe daftarini. Mimi sikuandika mara ya kwanza, na mpaka leo nina Machi moja ambayo hewa ya Ndosho ilipata nafuu kwa usiku mmoja, bila sababu ninayoweza kuitaja.